Rangi ya Risasi

Saiba tuliyokuwa tunaenda hapa Wang'uru ilikuwa juu ya duka la dawa za mimea, hatua chache kutoka steji ya matatu za Embu. Ukipanda ngazi unapishana na harufu ya dawa ya wadudu wa mpunga, ukifungua mlango unakutana na feni moja na kompyuta saba. Shilingi moja kwa dakika. Desemba 2014 nilikuwa nimefunga shule nikisubiri kuingia kidato cha nne, na pesa zote nilizolipwa kwa kufukuza ndege shambani ziliishia pale.

Tulikuwa tunacheza Star Wars: Empire at War. Mimi na binamu yangu, mtoto wa dada ya mama, kompyuta mbili zimeunganishwa kwa waya. Ilikuja kwa flashi, na hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Ni gemu ya mkakati: unajenga meli za vita, unazituma angani, kisha unakaa unatazama vita kutoka juu kama jenerali. Haulengi bunduki mwenyewe. Kazi yako ni kusoma vita, kujua ni nani anampiga nani, wapi urudi nyuma, wapi uongeze nguvu. Unasoma kwa macho, na kitu kinachokuambia habari zote ni rangi ya risasi. Waasi wanapiga leza nyekundu. Dola inapiga leza ya kijani.

Binamu alikuwa anashindwa kila siku. Na si mjinga; hesabu alinishinda tangu darasa la tatu. Siku moja baada ya kupoteza meli yake kubwa alisukuma kibodi akasema, "Lakini wewe unajuaje risasi zako? Zote si ni rangi moja tu?"

Nilicheka. Niligeuka nikawaambia jamaa wengine kwa sauti, "Huyu anasema nyekundu na kijani ni sawa!" Saiba nzima ikaja juu. Mmoja akamwonyesha kifuniko cha soda: hii ni rangi gani? Mwingine akaleta chaja, akaleta fulana. Alijibu mbili vizuri, ya tatu akakosea, wakapiga makofi. Kabla ya jioni alikuwa ameshapewa jina, na jina lenyewe sitaliandika hapa. Kesho yake hakuja. Wiki iliyofuata hakuja.

Insha hii ni juu ya rangi za risasi za angani, zilitoka wapi na nani aliruhusiwa kuzibadilisha. Nimeisoma historia hii kwa miaka kadhaa sasa, vipande vipande, kwa simu. Lakini ilianzia kwa ule ujinga wangu wa pale saiba, kwa hivyo nimeanza nao.

Kwanza tukubaliane kuhusu jambo moja. Leza ya kweli angani haionekani ikipita. Hakuna hewa, hakuna vumbi la kutawanya mwanga ufike kwenye jicho lako, kwa hivyo ukisimama kando huoni kitu mpaka iguse shabaha. Sauti pia hakuna. Ile mistari ya rangi tunayoiona kwenye filamu na gemu imewekwa na binadamu, kwa sababu bila hiyo hakuna cha kutazama. Kila rangi pale ni uamuzi wa mtu fulani, au wakati mwingine ni bahati ya kifaa alichokuwa nacho.

Gemu ya kwanza ya vita vya angani iliyosambaa ni Spacewar!, iliyoandikwa 1962 na Steve Russell na wenzake pale MIT, Marekani, kwenye kompyuta ya PDP-1. Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru. Hapakuwa na suala la kuchagua rangi. Kioo cha mashine ile kilipakwa fosforasi ambayo ikipigwa na umeme inawaka kwa mwanga wa samawati, halafu inabaki na mng'ao wa kijani-manjano unaofifia polepole. Risasi za kwanza za angani zilipata rangi yake kutoka kwenye kemikali ya kioo.

Miaka 16 baadaye, 1978, kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders. Kioo chake kilikuwa cha nyeusi na nyeupe. Lakini waliocheza wanakumbuka rangi, na wako sawa, kwa sababu mashine nyingi zilibandikwa vipande vya selofani ya rangi juu ya kioo. Kitu kikishuka kutoka juu kinabadilika rangi kikipita chini ya kila kipande. Nilipojua hilo nilifurahi sana, maana ni ile ile akili ya jua kali: kifaa hakina rangi, basi bandika karatasi. Mwaka uliofuata Namco ikatoa Galaxian, ambayo ilichora rangi zake yenyewe bila karatasi.

Katikati ya hizo mbili, yaani kati ya Spacewar! na Space Invaders, kulitokea filamu. Star Wars ilitoka 1977. Miale yake ilichorwa juu ya picha za filamu, fremu moja baada ya nyingine, na filamu ina fremu 24 kwa kila sekunde. Katika vita vya mwisho vya filamu ile, ndege za waasi zinapiga nyekundu na za Dola zinapiga kijani. Mtazamaji ana sekunde mbili za kuelewa nani anapiga nani, na rangi inamsaidia. Kwa watu wengi inafanya kazi vizuri kabisa. Basi ikawa sheria. Kampuni ya Petroglyph ilipotoa Empire at War mwezi wa Februari 2006, haingeweza kuchagua rangi nyingine, mashabiki wangeandamana.

Hivyo ndivyo uamuzi wa wachoraji wa filamu wa miaka ya sabini ulivyofika Wang'uru na kumshinda binamu yangu.

Sasa nani aliruhusiwa kuubadilisha?

Hapa jibu linaanza tarehe 10 Desemba 1993, siku ambayo kampuni ndogo ya id Software ya Marekani ilitoa gemu ya Doom. Kabla yake watu walikuwa wanachokora gemu pia, lakini kwa kuvunja: unafungua programu yenyewe na kuichana, ukikosea inakufa. Doom ilitenganisha vitu viwili. Programu ilikaa peke yake, na picha, sauti na ramani zikakaa kwenye faili nyingine zinazoitwa WAD. Ungeweza kutengeneza WAD yako na kuiweka juu bila kugusa programu. Ni kama nyumba ambayo fundi ameacha mlango wa nyuma bila kufuli kwa makusudi. Watu waliingia kwa wingi. Baadhi ya gemu kubwa za leo zilianza hivyo. Counter-Strike ya 1999 ilikuwa modi ya vijana wawili waliofanya kazi kwenye gemu ya wengine, kabla haijanunuliwa.

Gemu za mkakati wa angani zilifuata njia hiyo. Homeworld ya Relic, kampuni ya Vancouver, ilitoka 1999, na ya pili ikatoka 2003 ikiwa na sehemu kubwa ya mambo yake kwenye maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kufungua na kusoma. Mwaka 2008 ikaja Sins of a Solar Empire ya Ironclad, ambayo nayo niliipenda sana kwa sababu ilikubali kompyuta dhaifu. Humo, ukifungua faili ya meli, unakuta kila silaha ya mwale ina rangi mbili: moja ya kiini, nyingine ya mng'ao unaozunguka kiini. Kila rangi ni herufi na tarakimu nane. Mbili za kwanza ni uwazi, mbili nyekundu, mbili kijani, mbili buluu. Ukiandika "ff" ni mwisho wa nguvu, yaani 255. Ukiandika "00" hakuna kitu. Ukibadilisha tarakimu nne unabadilisha vita vizima.

Empire at War nayo inafichika kidogo. Faili zake zimefungwa pamoja kwenye magunia makubwa yanayoitwa MEG. Lakini waliotengeneza waliacha desturi moja ya ajabu: ukiweka faili yako yenye jina lile lile nje ya gunia, mahali panapofaa, gemu inasoma yako na kuiacha ile ya ndani. Baadaye mwaka ule ule wa 2006 wakatoa na vifaa vya kumodi. Hadi leo watu wanaijenga upya. Kuna modi kubwa kama Thrawn's Revenge, na Novemba 2023, miaka 17 baada ya gemu kutoka, Petroglyph walitoa sasisho lingine. Gemu nyingi za rika lake zilikufa zamani. Hii imeshikiliwa na watu wasiolipwa.

Nilijua hayo machache tu Januari 2015. Nilichojua ni kwamba binamu hataki kuniona, na mama amesikia.

"Ulimfanyia nini mwenzako?" aliniuliza akichagua mchele kwenye uteo. Nikamwambia. Hakunigombeza. Alinyamaza, kisha akasema, "Guka pia alikuwa hivyo."

Guka wetu, baba ya mama, aliletwa Mwea akiwa mahabusu wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa 20 Oktoba 1952. Mitaro ya kwanza ya mradi huu wa mpunga ilichimbwa na mikono ya mahabusu kama yeye. Baadaye alipewa ekari nne kama wapangaji wengine na akalima hadi uzeeni. Namkumbuka shambani. Mpunga ukianza kubadilika kutoka kijani kuwa dhahabu, wazee wengine walikuwa wanasimama kwenye tuta wanatazama tu kisha wanasema bado wiki moja. Guka alikuwa anaingia ndani, anachuma suke, anauma punje. Ikivunjika kwa mlio, basi. Tulidhani ni ufundi wa wazee. Sokoni alikuwa haangalii nyanya, anaziminya. Cucu ndiye alikuwa anamchagulia sweta za mitumba. Maisha yake yote alikuwa amemodi dunia kimyakimya, na sisi tukaona ni tabia tu.

Sayansi yake ni hivi. Uwezo wa kutofautisha nyekundu na kijani unabebwa kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu, anayopewa na mama yake. Ikiwa na kasoro, hana ya akiba. Mwanamke ana mbili, kwa hivyo mara nyingi anaona vizuri lakini anabeba. Guka aliwapa mabinti zake wote X yake, hakuwa na nyingine ya kuwapa. Mama yangu anayo. Mama mdogo anayo. Kila mtoto wa kiume wa mabinti hao alirushiwa sarafu. Yangu ilianguka upande mmoja, ya binamu upande mwingine. Nilikuwa namcheka kwa kitu ambacho nilikikosa kwa bahati.

Jambo lenyewe lina historia ndefu. Mwaka 1794 mwanakemia Mwingereza John Dalton alisoma mbele ya wasomi wa Manchester maelezo ya jinsi yeye mwenyewe alivyoona rangi tofauti na wengine. Aliagiza macho yake yachunguzwe akifa. Alikufa 1844, na mabaki ya macho yakahifadhiwa mpaka 1995 wanasayansi walipopima DNA na kuthibitisha tatizo lilikuwa kwenye kijani. Mwaka 1917 Shinobu Ishihara wa Japani alichapisha zile picha za nukta za rangi zenye namba ndani. Mpaka leo ndizo zinazotumika. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mmoja kwa kila 12 ana tatizo la nyekundu na kijani. Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Kwenye darasa la wavulana 45, kuna uwezekano mkubwa yupo mmoja, na anaitwa mzembe.

Nilikopa mbao kadhaa kwa mama nikarudi saiba.

Faili niliyoitaka ilikuwa ya XML, orodha ndefu ya kila risasi kwenye gemu: upana wake, urefu wake, kasi, uharibifu, na rangi. Mara ya kwanza nilisahau kufunga mabano, gemu ikafa kabla ya kufunguka. Mara ya pili ilifunguka lakini hakuna kilichobadilika, kwa sababu nilikuwa nimeweka faili folda isiyo yake. Mara ya tatu stima ilipotea. Siku ya nne nilifaulu: nyekundu yote ya waasi ikawa manjano. Nilijiona profesa.

Nikaenda kwao Kimbimbi kwa miguu. Nilimkuta anaosha baiskeli. Nilisema pole, akasema sawa, kwa ile sauti ya mtu ambaye si sawa. Nikamwambia nimebadilisha risasi. Alinitazama kwa muda.

"Umeweka rangi gani?"

"Manjano."

"Na zile zingine?"

"Kijani, vile zilikuwa."

Akacheka, mara ya kwanza kwa wiki nyingi. "Msee, hizo kwangu ni kitu kimoja."

Hapo nilielewa nimekosea mara mbili. Nilimcheka bila kumuuliza, halafu nikamtengenezea bila kumuuliza. Tulikwenda saiba asubuhi sana kabla wengine hawajafika, tukakaa kwenye kompyuta moja. Mimi nilikuwa naandika, yeye alikuwa anatazama. Chungwa dhidi ya buluu? Hiyo sawa. Buluu nzito au nyepesi? Nyepesi kidogo. Lakini kuna mizinga ya ioni ambayo tayari ilikuwa na ubuluu wake, ikachanganyikana na leza za Dola. Yeye ndiye aliyetoa jibu: acha rangi, ongeza unene. Tukafanya risasi za ioni nyeupe na nene kama mkaa mweupe. Nisingefikiria hilo, kwa sababu mtu anayeona rangi zote hafikirii umbo.

Ilituchukua dakika 140. Tulicheza mchana. Alinishinda mara tatu mfululizo, akainuka akaenda kununua mandazi bila kusema neno.

Nimefikiri sana kuhusu rangi kama lugha ya wenye kuamua. Sisi tuliokua barabarani tunaijua. Februari 2004 sheria za waziri John Michuki zilianza kazi, na pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo, kila matatu ilipakwa mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikafutwa. Kwa miaka kadhaa matatu zote zilifanana, halafu michoro ikarudi, na sasa vijana wanaichora hata ndani ya gemu. Ukitafuta modi za Bus Simulator Indonesia, gemu iliyotoka 2017, utakuta mabasi na matatu za Kenya zenye kila ua na kila taa. Waindonesia waliacha mlango wazi, na Wakenya wakaingia na nganya zao.

Na kuna ile nyingine, ya angani kabisa. Tarehe 12 Desemba 1970 Wamarekani na Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi. Kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wetu, waliipa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutumwa kwa ajili ya kutazama anga kwa miale ya eksirei pekee, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Eksirei haionekani kwa jicho la mtu yeyote. Picha zote za eksirei za anga unazoziona zimepakwa rangi na mtu aliyeamua hii iwe buluu na hii iwe nyekundu ili sisi wengine tuelewe. Mbele ya nyota zile, mimi na guka na binamu tuko kiwango kimoja.

Nilikwenda chuo 2017, kozi ya kompyuta. Niliacha 2019. Karo ilikuwa inatoka kwenye zile ekari nne, na mwaka ule mavuno hayakufika. Lakini nikisema ni karo tu nitakuwa nadanganya. Nilikuwa nimeshaanza kufeli. Nilikaa madarasani nikiandika programu ambazo hakuna mtu alikuwa anazihitaji, nikikumbuka asubuhi moja ambapo mtu alikuwa amekaa kando yangu akiniambia punguza, ongeza, hapo, acha. Sijawahi kumweleza mama hivyo. Anadhani nitarudi, na huenda nikarudi.

Binamu alitaka kuwa fundi wa umeme. Mahali fulani walimfungulia kitabu cha nukta za rangi, akaona namba mbili kati ya nyingi, wakamshukuru kwa kuja. Hakubishana. Waya una rangi kwa sababu, na mtu akikosea anakufa. Sasa anatengeneza pampu za maji za wakulima, na kwa waya anatumia mita na vipande vya plasta alivyoandika herufi kwa kalamu. Hajaunguza kitu bado.

Mwezi uliopita alinipigia. Amenunua laptopu ya mtumba na ameipata ile gemu, ya halali safari hii, na anataka faili yetu. Nilikuwa nayo kwenye barua pepe, jina lake bado "pole.zip". Nilimtumia. Usiku akanipigia tena, nikasikia feni ya laptopu ikilia nyuma yake.

"Inafanya kazi," alisema. Halafu akauliza kitu ambacho hajawahi kuuliza miaka hiyo yote. "Na zile za kwanza, nyekundu na kijani. Zilikuwa zinapendeza?"

Nilifikiri kumdanganya.

"Zilikuwa zinapendeza," nikamwambia. "Lakini na hizi pia zinapendeza."

"Sawa," akasema. "Ingia basi. Leo mimi ni Dola."